Tok e bel dum

Jana jioni nilimwambia kitinda mimba wangu aniletee kikombe cha baba kikubwa. Akasimama mlangoni pa jiko akinitazama. "Mama, kikombe cha baba kikubwa, au cha baba mkubwa?" Shemeji yupo hapa tangu Jumapili, amekuja kutoka Kondoa, na ana kikombe chake. Nikamjibu, "Kikubwa. Kikombe ndicho kikubwa." Akaenda kabatini. Mimi nikabaki nimeshika birika, nimerudi kidato cha pili, dawati la dirishani, kilima cha Mlimwa kikionekana kwa mbali.

Kimlimwa, lugha yetu ya siri, tulikitunga wawili, mimi na mwenzangu wa dawati, tukakipa jina la kilima kile. Maneno yalikuwa mafupi, yakiishia konsonanti ili yasifanane na Kiswahili: tok ni mti, bel ni kisima, tin ni mwalimu, dum ni -kubwa. A-unganifu, yaani wa, cha, ya na wenzake, ilikuwa e, haibadiliki. Ngeli tulizifuta zote, na sababu ilikuwa usiri. Wengi bwenini walikua na Chigogo au Kirangi nyumbani, na mtu aliyekulia kwenye ngeli akisikia ki ikijirudia mara tatu, hata asipojua neno lenyewe, ameshajua maneno gani yanakwenda pamoja.

Kirai nomino, yaani nomino na maneno yanayoifuata kuieleza, tulikipanga hivi: nomino kuu kwanza, halafu mwenye kitu, halafu sifa, halafu idadi, na "hii" au "ile" mwisho kabisa. Wingi ulikuwa silabi moja, ma, iliyotajwa mara moja tu kirai kikiisha. Tok dum ma, miti mikubwa. Kiswahili hutaja wingi huo mara mbili, mi na mi, na sisi tuliona huo ni mzigo wa bure. Kirai kikiwa na nomino moja, mpango huu haukutusumbua hata siku moja.

Ijumaa moja zikaja habari kwamba mama wa mwenzangu ni mgonjwa na gari litamchukua mwenzangu alasiri. Alikuwa bwenini akifunga sanduku, mimi nilikuwa darasani. Nikampelekea kikaratasi: tok e bel dum. Tukutane hapo.

Shule ilikuwa na visima viwili. Nyuma ya jiko kulikuwa na kisima kidogo, kando yake mkuyu ambao watu watatu hawakuweza kuukumbatia. Ng'ambo ya mizabibu kulikuwa na kisima kikubwa, na mwarobaini mwembamba. Nilikaa chini ya mkuyu na sweta langu na nauli niliyoifunga kwenye leso, mpaka nikasikia honi getini. Nilikimbia. Nilikuta vumbi.

Alirudi baada ya wiki mbili. Mama yake alikuwa amepata nafuu. Hakunisalimia. Alikaa, akafungua daftari la hesabu, akatoa kile kikaratasi kilichokunjwa mara nne, akakinyoosha juu ya dawati kwa kiganja. Jasho lilikuwa limefifisha wino wa neno la kwanza. Akaweka kidole kwenye neno la mwisho. "Dum ni nini hapa? Tok au bel?" Nikasema tok. Akasoma tena polepole, kidole kikihama neno kwa neno, kisha akasema, "Mimi nilisoma bel. Nilikaa kwenye mwarobaini." Hakuinua sauti. Mwalimu alikuwa ameshaingia.

Kwa Kiswahili nisingeweza kumpoteza. Mti wa kisima mkubwa, mti wa kisima kikubwa: silabi moja tu ya mwanzo inarudi nyuma na kumshika mwenyewe, hata nomino nyingine ikikaa katikati. Sisi tulikuwa tumeikata kamba hiyo, na papo hapo tukaiweka sifa mbali na nomino yake. Lugha huweza kumudu moja kati ya hayo mawili. Kuyafanya yote kwa pamoja ndiko kulikotuangusha.

Wiki ile tulikitengeneza upya. Kila nomino ikaipa sifa yake konsonanti yake ya kwanza pamoja na a: tok e bel tadum, mti ndio mkubwa, tok e bel badum, kisima ndicho kikubwa. Wingi tukauhamishia kwenye nomino yenyewe, tokma, belma, kwa sababu ma ya mwisho wa kirai ilikuwa na ugonjwa uleule: ni miti mingi au visima vingi? Baada ya miaka mingi nilijifunza Kiesperanto, lugha aliyoitangaza Zamenhof mjini Warszawa mwaka 1887, nikakuta humo kivumishi hufuata wingi wa nomino yake: arbo granda, mti mkubwa, arboj grandaj, miti mikubwa. Kwa hiyo la arboj de la puto grandaj haina utata, ni miti ndiyo mikubwa. Ila vyote viwili vikiwa umoja, mti mmoja na kisima kimoja, alama hiyo haisaidii kitu, na msomaji anabaki kutegemea mpangilio wa maneno. Nilisoma ukurasa ule mara nyingi.

Sijui kama lugha ndiyo ilimkosesha sweta, au ni mimi niliyekaa chini ya mkuyu muda wote ule bila kwenda kuchungulia upande wa pili. Hatukulizungumza tena.

Tulizungumza jambo jingine. Yeye ndiye aliyeligundua, siku ileile tuliyomaliza marekebisho. "Na mti wa mwalimu?" Tok e tin tadum. Nomino zote mbili zinaanza na t. Nikamwambia Kiswahili nacho kina tundu hilohilo: mtoto wa mwalimu mrefu, nani mrefu? Tukaandika tok e tin tadum katikati ya ukurasa mpya, tukaweka alama ya kuuliza, tukaacha mistari mitupu chini yake, na kengele ya maandalio ikagongwa.