Siku moja kijiweni kwangu Tabora: wageni wa baiskeli, spoku za Phoenix na tairi lililogoma kuingia

SAA 12 ASUBUHI
Mi ni fundi baiskeli hapa Tabora mjini, kijiwe changu kiko chini ya mwembe sio mbali na soko. Kama umewahi kufika Tabora unajua miembe iko kila kona, kwa hiyo hapo sijakuelekeza kitu haha. Naamka mapema kwa sababu ya wabeba mkaa, hawa jamaa wanatoka porini usiku wa manane ili jua likichomoza wawe washaingia mjini, na ukichelewa kufungua basi hela ya chai imeenda kwa fundi mwingine.

Wa kwanza leo mzee mmoja katokea njia ya Sikonge, magunia mawili nyuma, pancha. "Shikamoo mzee wangu." "Marahaba, harakisha mwanangu mkaa wa watu huo." Tumeinamisha baiskeli na mzigo wake palepale maana kufungua magunia na kufunga upya ni saa nzima. Phoenix yake ya zamani, spoku 40 nyuma, keria kachomelea nondo, hata ukipanda ghorofani ukairusha chini itadunda tu. Jero yangu nikapokea, kaondoka. Huyu mzee anapiga kilomita nyingi kuliko hao tunaowaona mtandaoni wamevaa nguo za kubana, sema hakuna anayempiga picha.

SAA 2
Hapa hakuna cha kusimulia. Upepo, upepo, upepo, mnyororo umekatika, mwanafunzi breki, mama wa asali kaja kukaziwa keria maana madumu yanacheza. Dogo ninayemfundisha kachelewa tena, anasema mvua. Mvua gani, kwao Kiloleni na hapa ni mji mmoja.

SAA 4
Ndo nimeshika chapati na chai ya rangi naona kundi la watoto linakuja mbio, katikati yao wazungu wawili wanasukuma baiskeli zenye mabegi kila upande kama punda wa kuhama. Mama mtu mzima wa Ujerumani na kijana wa Uholanzi. Sio ndugu, wamekutana Kigoma stesheni wakaamua kuja pamoja, Uvinza, Malagarasi, Kaliua, Urambo, mpaka hapa. Ukitoka ziwani kuja huku unapanda, ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, Tabora 1,200 hivi, lakini yule mama anasema kilichomuumiza sio kupanda, ni jua la kuanzia saa tano.

Mama anaongea Kiswahili alichookota njiani kuanzia Kenya, kinaeleweka vizuri tu. "Fundi, shikamoo." Nikamwambia mama, mi ndo natakiwa nikuamkie wewe, watu wakacheka. Tatizo: gurudumu la nyuma linayumba, linagusa breki kila mzunguko. Nikazungusha kidogo nikaona, spoku tatu zimekatika, zote upande wa friwili (yale meno ya gia ya nyuma), zote shingoni pale zinapoingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu.

Kwa asiyejua, upande wa friwili ndo huwa unaanza karibu kila siku. Meno ya gia yanachukua nafasi, ringi inabidi ivutwe upande huo ili ikae katikati ya fremu, kwa hiyo spoku za kulia zinasimama wima zaidi na zinakazwa kuliko za kushoto. Sasa ongeza mzigo wote umerundikwa nyuma, ongeza rasta za barabara ya vumbi zinakugonga siku nzima, chuma kinachoka. Hata mlima hauhitajiki hapo.

Spea alikuwa nazo, kazifunga kwa gundi kwenye fremu, ila zilizobaki ni za mbele, ndefu kwa sentimita nzima. Na hata zingekuwa sawa, kupitisha spoku mpya upande ule lazima ufungue meno yote kwa kifaa chake maalumu, na kifaa hicho kilibaki Burundi kwa fundi mwenzangu, hataki hata kukumbushwa.

Basi nikafanya tunavyofanya siku zote. Spoku ya Phoenix ni ya ringi kubwa, ndefu kuliko za ringi 26. Unaikata kule kichwani sio kule kwenye uzi, unapima na ile nzima ya jirani yake, unaacha kipande cha kukunja, halafu unaikunja kwa koleo kama herufi Z. Hiyo unaichomeka kwenye tundu la habu kwa pembeni bila kufungua gia hata moja, unaipitisha juu chini kwa wenzake, unaikaza kwa nati yake yenyewe. Mama kainama karibu kabisa na mikono yangu, miwani imeshuka puani, hasemi kitu. Ya tatu kaomba akunje mwenyewe. Kakunja vizuri kuliko dogo wangu na dogo kaambiwa hivyo mbele za watu.

SAA 7 MCHANA
Kumbe kijana naye ana lake. Tairi la nyuma limechanika ubavuni, kaziba ndani kwa noti (ya Burundi, aliniambia haraka haraka alipoona nakunja uso). Anasema ngoja nikanunue jipya sokoni, nikamuuliza saizi, akasema 28. Nikamwambia kaka usiende, hutapata. Akaenda. Akarudi nalo, 28 kweli limeandikwa, tukalivalisha, likapwaya kama pete ya kuazima.

Iko hivi. Tairi la Phoenix ni 28 na la kwake linaitwa 28 pia, lakini ringi ya Phoenix pale tairi linapokaa ni milimita 635 na ya kwake ni 622. Milimita 13 huwezi kuzibembeleza. Namba ya kuangalia ni ile ndogo iliyoandikwa ubavuni yenye kistari katikati, sio hiyo kubwa ya mapambo. Ndo maana watu wanaovuka nchi kama zetu wengi walikuwa wanachagua ringi 26 ya mauntini, 559, hiyo hata Urambo unaipata. Mama alikuwa anatabasamu tu pembeni, nadhani mjadala huu walishaufanya sana njiani.

Mwenye duka kagoma kurudisha hela. Sitaji duka, ila mwenyewe akisoma anajijua.

Tukashona. Sindano ya viatu, uzi wa nailoni, ndani kipande cha tairi bovu lililokwanguliwa mpaka likawa laini. Nikampigia jamaa yangu Mwanza atafute la 622 alitume kwa basi.

SAA 9
Wakati nanyoosha ringi (kazi ya kukaza robo mzunguko, kulegeza robo, kuzungusha, kuangalia, kurudia mpaka shingo iume) mama akawa anatusimulia. Miaka iliyopita aliendesha Tajikistan, barabara wanayoiita Pamir, kuna sehemu inaitwa Ak-Baital, mita 4,655. Wabeba mkaa waliokuwa wamekaa pale hawakushtuka mpaka nilipowaambia Mlima Meru wa Arusha wote kileleni haufiki huko, sasa we fikiria barabara ya magari inapita juu kuliko Meru. Hewa pale ni kama zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya baharini, anasema unakanyaga pedeli mara ishirini unasimama unahema kama umekimbizwa na mbwa, mwisho alishuka akasukuma.

Safari hii jangwa lake lilikuwa Dida Galgalu, kati ya Moyale na Marsabit kule kaskazini mwa Kenya, mawe meusi ya volkano mpaka macho yanachoka, mti hakuna. Siku hizi ni lami tupu, kwa hiyo barabara sio shida, shida upepo, unatoka kusini mashariki na yeye ndo anashuka kusini, unampiga usoni kutwa nzima. Upepo wa mkoa huohuo ndo unazungusha yale mapanga 365 ya umeme karibu na Ziwa Turkana, kwa hiyo sio wa kuchezea. Alibeba maji lita kumi na mnyororo aliupaka nta badala ya oili, kwa sababu oili inashika mchanga na mchanga ukichanganyika na oili unakuwa msasa, unakula meno ya gia taratibu. Hiyo nta nimeikariri, vumbi letu la kiangazi na jangwa tofauti ni jina tu.

Mmoja wa wabeba mkaa kamuuliza, "Sasa mama, huko kote ulikuwa unapeleka nini?" Nguo zangu na sufuria, akajibu. Jamaa kanigeukia mimi kama vile nimfafanulie.

SAA 11 JIONI
Kabla hawajaondoka nimempangia mama mzigo upya, maji na vyakula vizito nimehamishia mabegi ya mbele, chini, nyuma abaki na nguo na hema. Zile Z tatu zitamfikisha Dodoma bila wasiwasi, huko atafute spoku za saizi yake, hii sio kazi ya kudumu na nimemwambia wazi.

Anataka kushika njia ya Itigi na Manyoni. Lami safi, ila Nyahua kwenda Chaya ni pori, nikamwambia jaza maji Nyahua usijidanganye kwamba duka lipo mbele. Halafu mbung'o. Mbung'o anafuata kitu kinachotembea, na rangi anazozipenda ni bluu na nyeusi, ndo maana hata mitego yao ya vitambaa inashonwa ya rangi hizo. Mabegi ya mama? Bluu. Suruali? Nyeusi. Tukamtafutia salfeti mbili nyeupe za mchele, dogo kazishona zikawa soksi za mabegi, amependeza kama mfanyabiashara wa nafaka.

Akauliza bei. Nikamtajia ileile ninayowatajia wa hapa, akaongeza mwenyewe, sikukataa bana, watoto wanasoma.

SAA 1 USIKU
Simu ya Mwanza: tairi limepatikana, linapanda basi la asubuhi. Mama hasubiri, anaondoka saa 11 alfajiri kabla jua halijawa kali, wataonana Dodoma wakionana. Kijana kaja kijiweni nafunga masanduku, kaniuliza kesho akae wapi mchana kutwa wakati anasubiri basi, maana lodji wanakokaa pamemchosha. Nikamwambia wabeba mkaa wanaingia saa 12, aje na nguo za kuchafuka, pampu ninazo mbili.