Ninavyotoa matoleo mapya ya maktaba ya saa za Kiswahili

Maktaba ya programu ninayoitunza, yaani msimbo ambao watengenezaji wengine huuweka ndani ya programu zao, ni ndogo: unaipa wakati wa kompyuta, inakurudishia saa kwa Kiswahili. 07:00 inakuwa saa moja asubuhi, 13:30 inakuwa saa saba na nusu mchana. Imeandikwa kwa lugha ya Python, ni programu huria yenye leseni ya MIT, na yeyote anaweza kuichukua kutoka PyPI, ghala la mtandaoni la maktaba za Python. Naifanyia kazi nyumbani, Tudor hapa Mombasa, nikisharudi kazini. Watumiaji ninaowajua ni kampuni ya mabasi inayotuma ujumbe wa tiketi, zahanati inayowakumbusha kina mama siku ya kliniki, na vijana wanaotengeneza ratiba za misikiti. Wengine siwajui, na hao ndio ninaowafikiria zaidi kila ninapotoa toleo, maana siwezi kuwapigia simu.

Namba za matoleo nazifuatishia utaratibu wa Semantic Versioning. Namba ni tatu, kama 1.4.2. Ya kwanza hupanda ikiwa badiliko laweza kuvunja programu ya mtumiaji, ya pili kikiongezwa kitu bila kugusa cha zamani, ya tatu kwa kurekebisha hitilafu tu. Kuuelewa utaratibu huu hakuchukui muda. Kazi iko katika kuamua badiliko lililo mbele yako ni la aina gani, na mimi hujiuliza swali moja: mtu akisasisha leo bila kusoma chochote, ujumbe utakaomfikia mteja wake kesho utabadilika? Ukibadilika, hilo halihesabiwi kuwa rekebisho dogo, hata kama nimegusa mstari mmoja tu wa msimbo.

Chukua saa kumi. Kwa 16:00 maktaba ilikuwa ikitoa "saa kumi jioni". Kijana mmoja wa Malindi akaniandikia kwamba kwao hiyo ni alasiri, na akaleta msimbo wa kubadilisha, umekamilika na majaribio yake. Hoja yake ilikuwa na uzito. Lakini zipo programu zinazolinganisha maneno hayo herufi kwa herufi ili kupanga miadi, na neno moja likibadilika miadi inapotea. Nikamwomba, "Kaka, jioni tuiache palepale, tuongeze chaguo la alasiri kwa anayelitaka." Akakubali. Ikatoka kama 1.5.0, na asiyeomba kitu hakuona tofauti yoyote.

Lililonishughulisha hasa ni usiku. Kwa kompyuta siku huanza 00:00. Kwa wazee wengi wa pwani yetu siku huanza jua likishatua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoifuata Alhamisi. Vijana wengi, na abiria wanaotoka bara, wakisoma usiku wa Ijumaa huelewa ni baada ya Ijumaa yenyewe kwisha. Maktaba ilikuwa ikiandika "saa nne, usiku wa Ijumaa" kwa saa 22:00 ya Ijumaa. Nilimsomea ujumbe wa tiketi mzee jirani yangu, mzaliwa wa Mji wa Kale, siku ya Alhamisi, nikamuuliza basi hilo linaondoka lini. "Leo, mwanangu," akasema. "Magharibi ikishaadhiniwa, Ijumaa imeingia." Mzee kama huyo angefika stendi na mizigo yake siku nzima kabla ya basi, na ujumbe wenyewe ndio uliompeleka.

Maneno yanayoeleweka sawa kwa wote wawili yapo: usiku wa kuamkia Jumamosi. Nikaamua hayo ndiyo yawe jibu la kawaida la maktaba. Badiliko hilo lilikuwa linagusa kila ujumbe wa usiku wa kila mtumiaji, hivyo hapakuwa na ubishi kwamba ni 2.0.0. Ila kutoka 1.5 kuruka moja kwa moja hadi 2.0 ningekuwa nimewashtukiza watu. Kwanza nikatoa 1.6.0: namna mpya ikawemo kwa anayeiomba, ya zamani ikabaki kuwa ya kawaida, lakini ikaanza kutoa onyo.

Hapa pana jambo ambalo watunzaji wengi wa maktaba za Python hulipita. Onyo linalotumika sana kwa kazi hii ni DeprecationWarning, na kwa kawaida Python hulificha, isipokuwa limetokea ndani ya faili lile linaloendeshwa moja kwa moja. Fundi wa kampuni ya mabasi angekaa miezi na miezi bila kuliona. Nikatumia FutureWarning, ambalo huonekana bila kuombwa. Nikaongeza stacklevel=2 ili onyo litaje mstari wa msimbo wa mtumiaji mwenyewe, badala ya mstari ulio ndani kabisa ya maktaba yangu ambao hana haja nao. Na maneno ya onyo nimeyaandika kwa Kiswahili, yakieleza nini kinabadilika, kuanzia toleo lipi, na aandike nini akitaka kubaki na ya zamani. Mtu anayekutana na onyo usiku wa kazi anastahili kupata jibu hapohapo.

Baada ya watu kupewa muda wa kutosha nikatoa 2.0.0rc1, yaani toleo la kujaribiwa. Uzuri wake ni kwamba pip, programu ya kusakinisha maktaba za Python, haiwapi watu toleo la aina hiyo mpaka waliombe kwa --pre, kwa hiyo halimwangukii asiyelitaka. Lakini toleo la majaribio lisilojaribiwa na mtu halina faida, na hili nalisisitiza: lazima uwaombe watu, kwa majina. Nilimwandikia dada anayeshughulikia mfumo wa tiketi, ofisi yao iko Mwembe Tayari, akaliendesha juu ya orodha yao ya safari. Jibu lake sikulitarajia. "Kaka, maneno ni mazuri na wazee watayaelewa. Lakini sasa ujumbe umepita herufi 160, tutalipia mbili kwa kila abiria." Kwenye kompyuta yangu majaribio yote yalikuwa yamepita, gharama ya SMS haimo katika majaribio ya msimbo. Katika rc2 nikaongeza umbo fupi, lenye "saa 4" kwa tarakimu, akapima tena, akaniambia sasa unatosha. Ndipo 2.0.0 ikatoka.

Siku yenyewe ya kutoa haina mengi, na ndivyo ninavyotaka iwe. Nabadilisha namba, naandika maelezo, naweka tagi, yaani alama ya toleo, kwenye Git inayotunza historia ya msimbo, na kuisukuma GitHub, tovuti ninakouhifadhi. Kuanzia hapo mashine ya huko inaendesha majaribio, inajenga kifurushi na kukipeleka PyPI kwa njia ya Trusted Publishing, iliyoanza 2023. Kwa njia hiyo PyPI huamini hazina yangu ya msimbo na kuipa kibali cha muda mfupi tu, kwa hiyo hakuna ufunguo wa kudumu uliokaa kwenye laptopu yangu, ambayo hupanda nayo matatu kila siku. Sijengi kifurushi nyumbani hata nikiwa na haraka. Mwaka 2024, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yaligunduliwa kuwa na mlango wa siri, na sehemu ya hila hiyo ilikuwa ndani ya mafaili yaliyotolewa kwa watu huku haimo kwenye Git. Mhandisi wa programu, Andres Freund, aliigundua kwa sababu kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh kulikuwa kunachelewa kidogo kuliko kawaida. Tangu hapo nataka mtu yeyote aweze kuiona tagi na kujua kifurushi kimetoka wapi.

PyPI haikubali jina lilelile la faili mara ya pili, hata ukilifuta la kwanza. Ndiyo maana kila toleo hulipitisha kwanza TestPyPI, ghala la kufanyia majaribio. Likiwa na kasoro baada ya kutoka, unaweza kuliwekea alama ya yank: pip italiruka, lakini aliyeandika namba hiyo hasa kwenye mradi wake bado atalipata, kazi yake isisimame. Naona ni heshima nzuri kwa mtumiaji kuliko kulifuta.

Hutoa Jumanne asubuhi. Alhamisi na Ijumaa kamwe, kwa kuwa mabasi ya mwisho wa wiki hujaa na hakuna mwenye nafasi ya kushughulika nami. Na natoa kidogo kidogo, mara kwa mara. Feri ya Likoni ikikawia, umati hufurika na msukumano huanza. Zikija mfululizo, watu huvuka kwa utulivu.

Maelezo ya kila toleo huyaandikia mtumiaji, sio mtunza msimbo mwenzangu. Sitaji fanksheni gani nimeigawa mara mbili. Naandika hivi: "Kuanzia 2.0.0, saa 22:00 ya Ijumaa inasomeka usiku wa kuamkia Jumamosi. Ukitaka kama zamani, weka usiku='zamani'. Ujumbe wako ukizidi herufi 160, tumia umbo fupi." Mifano kabla na baada, basi.

Yule kijana wa Malindi sasa ana ruhusa ya kutoa matoleo pamoja nami. Nilimpa baada ya kuona kwa muda mrefu anavyopokea kukataliwa na anavyowajibu watu, na tumekubaliana kwamba tagi ya mmoja lazima ipitiwe na mwenzake kabla haijasukumwa. 2.0.1 aliitoa yeye. Mfululizo wa 1.x nao bado tunaurekebishia hitilafu, pasipo kuongeza kitu kipya, kwa sababu zahanati ile ingali huko. Fundi wao huja mara chache, na ujumbe wa kina mama unafika kama kawaida.