Kuruta Aliyeambiwa Hafai

Kwa majuma kadhaa nimekuwa nikiisoma kesi moja ya Kanada, na kila nikiiweka kando mawazo yangu yanarudi kwenye kidani. Mwaka 1999, katika chuo cha polisi wa shirikisho kilichopo Regina, kuruta mmoja Mwislamu aliyezaliwa Iran aliruhusiwa kuvaa kidani chake cha dini, ingawa kanuni za mafunzo zilikataza mapambo. Mkufunzi akaitangaza ruhusa hiyo mbele ya kikosi kizima kwa sauti ya kejeli. Kabla mwaka haujaisha, kijana yule aliondolewa chuoni kwa maelezo kwamba hakufikia kiwango.

Neno hilo, kiwango, ndilo linalonisumbua. Mkufunzi wa polisi hupima mambo ambayo hayana rula: kujiamini, namna ya kuzungumza na raia, uamuzi wa haraka chini ya shinikizo. Anayemdharau kuruta kwa sababu ya asili yake hana haja ya kumtukana. Inatosha aandike katika tathmini kwamba mawasiliano yake ni dhaifu, na karatasi hiyo ikishaingia kwenye faili huonekana kama ushahidi wa kitaalamu, hata kama kuruta alianza kubabaika baada ya kufokewa kila siku na mtu yuleyule anayempima. Mwaka 2008 baraza la Kanada linaloamua malalamiko ya haki za binadamu lilikubali kwamba kuruta yule wa Regina alibaguliwa, likaamuru apewe nafasi ya kurudi mafunzoni. Mahakama ya Shirikisho ikautengua uamuzi huo mwaka uliofuata, na Mahakama ya Rufaa ikaurejesha mwaka 2010. Miaka 11 ilikuwa imepita, na huo ni umri wa kazi ambao hakuna hukumu inayoweza kumrudishia mtu.

Wapo wanaouliza kwa nini mtu kama huyo asiende moja kwa moja Umoja wa Mataifa. Jibu ni kwamba kamati za Geneva hazipokei lalamiko mpaka njia za kisheria za nyumbani ziwe zimekwisha, isipokuwa zikiwa zimecheleweshwa kupita kiasi au hazina uwezo wa kuleta nafuu. Kamati ya Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi, kwa mfano, hupokea malalamiko ya watu binafsi dhidi ya nchi zilizotoa tamko la kuikubali chini ya ibara ya 14 ya mkataba wa mwaka 1965 wa kutokomeza ubaguzi huo pekee. Ibara hiyo ilihitaji matamko 10 ili ianze kufanya kazi, na tamko la Senegal ndilo lililotimiza idadi hiyo mwaka 1982.

Hata hivyo, kuupitia mlango huo wa Umoja wa Mataifa si kazi bure. Rosalind Williams Lecraft, raia wa Uhispania mwenye asili ya Marekani, alisimamishwa na polisi katika kituo cha treni cha Valladolid mwaka 1992, akiwa na mumewe na mwanawe, akadaiwa kitambulisho yeye peke yake, na polisi akamweleza kwamba walikuwa na maagizo ya kuwakagua watu wa rangi yake. Alishindwa katika mahakama zote za nchi yake. Mwaka 2009 Kamati ya Haki za Binadamu, nyingine kati ya kamati hizo za Umoja wa Mataifa, ikasema Uhispania ilivunja ibara ya 26 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Polisi yule alijifunza mahali fulani kwamba rangi ya ngozi ni dalili ya uhamiaji haramu, nami siwezi kuitenganisha kesi hii na ile ya Regina, kwa kuwa kikosi kinachomdhalilisha kuruta wa asili tofauti darasani kinawafundisha pia wenzake wanaotazama.

Kwa hiyo kuruta anayepitia hali hiyo leo aandike siku ileile: tarehe, maneno kama yalivyotamkwa, waliokuwepo, na nakala ya kila tathmini, hasa zile nzuri zilizotangulia. Kamati haitamwita mkufunzi kumhoji. Itasoma kilichopo kwenye karatasi. Na mahakama ya mwisho ya nyumbani ikishatoa uamuzi, muda wa kufika mbele ya kamati ile ya ubaguzi wa rangi ni miezi 6.