Treni ya 1910 ilinila franka elfu ishirini

Nilitoka Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa treni ya kweli. Siku nane, nami naziruka zote: aliyewahi kulala juu ya gunia la ndagala katika behewa lisilo na taa hahitaji kuelezwa, na ambaye hajawahi hataniamini. Basi naanzia Lubumbashi, siku ya tisa, mgongo umekakamaa, sitaki kitu ila kitanda. Mtoto wa dada yangu, anayesoma mambo ya kompyuta huko, akaja mbio.

"Mujomba, twende nikuonyeshe treni."

Nilimtazama tu. Treni!

Tukaenda. Teksi ilitutoza pesa ambayo Kalemie ningezunguka mji mzima kwa pikipiki na chenji ikabaki. Njiani akanieleza. Ametengeneza programu ya simu: unaelekeza kamera kwenye reli, nayo simu inakuchorea treni ya zamani juu ya unachokiona, kana kwamba inapita mbele yako. Wenyewe wanaita uhalisia ulioongezwa. Kichwa cha treni alikichora akitazama kadi za posta za enzi mji huu ulipoitwa Élisabethville. Reli iliingia hapa 1910 kutoka Sakania, upande wa Rhodesia, ndiyo maana upana wake ni uleule wa huko kusini, milimita 1,067. Shaba ilikuwa hapa, makaa ya mawe Wankie, huko Rhodesia, na mji ukaota kando ya reli iliyoviunganisha.

Tulisimama karibu na stesheni, jua la saa sita likiwaka juu ya vyuma. Treni ikatokea kwenye simu, nyeusi, inafuka moshi. Ila haikuwa juu ya reli. Ilipita katikati ya meza ya mama mmoja muuza mayai, ikatoboa mwavuli wake, ikaenda zake. Mama hakuinua hata macho. Kijana akasema setilaiti hukosea mita kadhaa, lazima kamera yenyewe iizoee reli. Akawa anaipeleka simu kushoto na kulia, taratibu, kama mtu anayepepeta mchele. Simu ikapata moto mkononi, betri ikashuka nikiiona.

Hapo ndipo alipokuja bwana mmoja mwenye kofia.

"Uko nafanya nini hapa? Nani alikupa otorizasio ya kupiga picha?"

"Hatupigi picha, papa. Tunaangalia treni."

Akaangalia reli. Tupu, mbuzi wawili. Akaangalia simu. Akaangalia reli tena. Kisha akasema kuangalia treni ambayo haiko ni kosa kubwa kuliko kupiga picha ya treni iliyoko. Mabishano yalichukua muda mrefu kuliko nauli yangu ilivyostahili, yakaishia kwenye franka elfu ishirini, bila karatasi. Nilipokwisha kulipa, akajongea.

"Basi leta nione."

Safari hii treni ilikaa juu ya reli sawasawa. Ilikuja kutoka kona, ikakua, na yule bwana, macho yamo ndani ya simu, akarudi nyuma hatua mbili, akamvuta na mtoto aliyekuwa kando yake. Alipogundua alichofanya alicheka mpaka akavua kofia. Pesa hakurudisha. Alikwenda kumwita mzee aliyekuwa amekaa chini ya mwembe, mzee aliyeingia kazi kwa Bé-Sé-Ka, kampuni ya reli ya zamani, angali kijana.

Mzee alishika simu mbali na uso, kama wanavyoshika barua. Treni ikapita. Akaomba tena. Ikapita.

"Haina sauti," akasema. Kisha akagusa kioo kwa ukucha, pale pa kutilia makaa. "Na bantu? Bantu beko wapi?"

Kijana akajibu kwamba kwenye kadi hawakuonekana vizuri.

"Hapa muntu wa moto. Huku nyuma muntu wa freni. Mashini haijipeleke."

Nilimkumbuka babu. Kwetu reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani 1915, na miaka mingi ilikaa peke yake; kuunganishwa na huku Katanga ilingoja hadi 1956. Babu alibeba magunia kutoka behewani hadi melini, ya kwenda Kigoma. Bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto, na sisi watoto tulimwigiza kwa kutembea tumeinama. Picha yake hatuna hata moja. Bandari ya Kalemie iko kwenye kadi za posta, nimeziona, winchi na meli na mabehewa, safi kabisa, kama vile vyote vilijipakia.

Nilimwambia kijana habari ya lile bega. Akaandika kwenye daftari: la kulia, chini.

Betri ilibaki asilimia tatu na mzee bado ameishika simu, ameielekeza kwenye kona.

"Ingine inakuya saa ngapi?"

"Unagusa hapa tu, muzee," kijana akasema, lakini kioo kilikuwa kimeshazimika.