Bolti nne na bomba: siku moja ya mbunifu wa konekta za kebo

Konekta ya bolti, kiungo cha kuunganishia kebo mbili za umeme, ukiishika mkononi haina maajabu. Kipande cha alumini chenye urefu wa milimita 120, kimetobolewa pande zote mbili, juu yake bolti nne. Kebo moja inaingia huku, nyingine kule, unakaza mpaka vichwa vya bolti vikatike, kazi imekwisha. Ndiyo maana swali la watu huwa lile lile: "Sasa hapo mnabuni nini?" Haya, leo tuhesabu saa.

Saa 1:10 asubuhi. Kabla ya kitu chochote, kaunta ya jaribio la joto. Konekta sita zimeungwa kwenye kitanzi cha kebo ya alumini ya 240, yaani waya wenye eneo la milimita za mraba 240. Mkondo unaipasha kebo hadi kati ya nyuzijoto 120 na 140, kisha inaachwa ipoe mpaka 35 au chini. Hiyo ni duru moja. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61238 kinadai duru 1,000, na hapa duru moja inakula saa mbili na dakika chache. Piga hesabu: karibu miezi mitatu, usiku na mchana. Leo kaunta inasoma 412. Baada ya duru ya 200 tayari zimepigwa shoti sita (mkondo mkubwa wa ghafla), kila moja ikiipandisha kebo hadi kati ya nyuzi 250 na 270.

Kinachotazamwa ni kwamba konekta isiwe na joto kuliko kebo tupu iliyo kando yake. Konekta isiyo na kasoro inakuwa baridi kuliko kebo, kwa sababu ina metali nyingi zaidi ya kupitishia mkondo. Namba 4 imezidi wenzake kwa nyuzi 3. Bado iko chini ya kebo. Naandika, naondoka. Tofauti yenyewe si tatizo. Tatizo ni ikianza kukua.

Saa 2. Shingo ya bolti. Bolti zetu ni za brasi, M16 (kipenyo cha milimita 16), na kila moja ina shingo tatu zilizokerezwa nyembamba ili zikatike kwa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, tuliyoichagua: milimita 6.5 kwa Nm (nyutoni-mita) 18 hivi, 7.0 kwa 22, na 7.5 kwa 28. Torki ya kukatika inafuata kipenyo cha shingo kikizidishwa mara tatu kwa chenyewe, kwa hiyo mkereza akikosea milimita 0.1 kwenye shingo ya 7.5, torki imehama kwa asilimia 4. Ndiyo sababu bolti 20 za kila kundi jipya hukatwa hapa mezani kabla ya kundi kupokelewa.

Shingo hiyo inapima torki tu, haijui kebo imebanwa kiasi gani. Katikati kuna msuguano wa hesi, ile michirizo inayozunguka bolti. Hesi ikiwa kavu, Nm 28 zinakupa kilonyutoni 8.8 hivi za kubana. Ikiwa imepakwa kilainishi kizuri, torki ile ile inatoa karibu 14.6. Yaani bolti mbili zinaweza kukatika kwa mlio ule ule na moja ikawa imebana nusu na ushei tu ya mwenzake. Kwa hiyo hesi zote zinapakwa kiwandani, na kiasi kinapimwa. Fundi haachiwi uamuzi huo.

Saa 3. Kupima ukinzani. Kebo ya alumini ya 240 ina omu 0.125 kwa kilomita, hivyo milimita 100 ni maikro-omu 12.5. Ukipitisha ampea 10 unatafuta maikrovolti 125. Waya wa kupimia ukishikwa na mkono wenye joto tu, kipimo kinayumba. Ndiyo maana unapima, unageuza mwelekeo wa mkondo, unapima tena, unachukua wastani. Sampuli kumi na mbili, zote nzuri.

Saa 4. Hapa ndipo siku ilipokwama.

Tuna sanduku la mbao lenye upana wa shimo la kebo, sentimita 60, na ndani yake vipande viwili vya kebo vimefungwa visicheze. Kila toleo la konekta linapita humo kabla ya kusifiwa na mtu yeyote. Anaitwa fundi ambaye hajawahi kuliona. Anapewa boksi, racheti, soketi, na karatasi moja ya michoro. Anavaa glavu. Sisi tunakaa pembeni, midomo imefungwa.

Kumenya kebo kulikwenda vizuri, na hilo lilikuwa la kujivunia. Toleo lililopita lilidai rula: menya milimita 62, kwa kuwa tundu lina kina cha 57 na ziada ni ya kuona kwamba waya umefika mwisho. Nani ana rula ndani ya shimo? Watu walikuwa wanakadiria kwa kidole. Sasa mstari umechongwa kwenye mwili wa konekta wenyewe: unaiegemeza kwenye kebo, unatia alama, unamenya. Ukuta wa katikati unazuia waya usipite upande wa pili, na unazuia maji yasitembee kutoka kebo moja kwenda nyingine. Grisi imo ndani tangu kiwandani, nyuma ya vifuniko vya plastiki. Fundi anapiga brashi ya waya kwenye alumini mpaka ing'ae, anaingiza mara moja. Asikawie, kwa sababu utando wa oksidi unarudi papo hapo alumini inapokutana na hewa, na utando huo haupitishi umeme. Kuuvunja tena ni kazi ya meno yaliyochongwa ndani ya tundu, na grisi inaifungia hewa nje.

Alishika mwili kwa spana ya kuzuia ili usizunguke na kuivuta kebo. Safi. Akakaza bolti zote mpaka ziguse. Safi. Akairudia bolti ya kwanza, akaikaza: tak! Kichwa kikaruka. Ya pili, tak! Ya tatu, ya nne. Akainuka, akafuta mikono.

"Mhandisi, nimemaliza."

Hakuwa amemaliza. Kwenye kebo ya 95 waya ni mwembamba, milimita 11 hivi, bolti inazama, na shingo ya kwanza inakatika sawasawa na uso wa mwili. Kwenye 240, ambayo inafika 19, bolti inabaki juu. Shingo ya kwanza ikishakatika chini yake kuna kichwa cha pili; unarudisha soketi, unakata ya pili, unarudisha, unakata ya tatu. Ndipo nguvu ya kutosha imefika kwenye waya na ndipo kisiki kimelingana na mwili. Yeye aliacha bolti zote nne kwenye Nm 18, na visiki vimesimama kama meno.

Tulimwambia arudie na kebo nyingine, bila kumweleza kosa. Akafanya vile vile. Tukamwita wa pili. Tak, nne, "nimemaliza." Wa tatu alisita, akagusa kisiki kwa kidole, akatazama karatasi, akachukua tupa. Akaanza kukikata kisiki kwa tupa! Na lawama haimfikii hata kidogo: visiki vya bolti hulainishwa kwa tupa kwenye konekta nyingi, na miaka yote amefundishwa kwamba mlio wa bolti maana yake basi, imekaa.

Konekta ya namna hiyo haitalalamika leo. Ukipima ukinzani wake sasa hivi, utaipasisha. Alumini ikipata joto inatanuka kuliko brasi, inaminywa chini ya bolti, ikipoa inalegea kidogo, na alumini ni metali inayotambaa chini ya mkandamizo hata ikikaa kimya. Kila duru inakula sehemu ya mbano. Ukinzani unapanda, joto linapanda, mbano unashuka zaidi. Halafu kisiki kilichosimama kinatoboa mpira wa kusinyaa kwa joto unaovalishwa juu, maji yanaingia. Jointi inalipuka baada ya miaka, na ripoti inaandikwa "kosa la fundi".

Mjadala ukala saa zote mpaka mchana. Wazo la kwanza, kama kawaida, likawa karatasi: tuandike kwa herufi kubwa KATA MPAKA ILINGANE. Karatasi hulowa, hupeperuka, hutandikwa chini ya goti. La pili: pete ya plastiki ya kupimia, isiyopita juu ya konekta kama kisiki kimesimama. Nzuri, ila ni kipande kingine kwenye boksi, na kipande kisichoshikana na kitu kitaanguka kwenye tope. La tatu lilikuwa la kuuma: shingo ibaki moja. Ukisikia tak, ni kweli umemaliza.

Tatizo la shingo moja ni safari ya bolti. Kati ya waya wa 11 na wa 19 kuna milimita 8. Shingo ikilingana na uso kwa kebo kubwa, kwa kebo ndogo inazama milimita 8, na ukuta wa mwili wetu hauna unene wa kuipa hesi za kutosha huko chini. Hapo ndipo kikaja kijaluba: nusu bomba ya alumini yenye unene wa milimita 4, inakaa chini ya waya na kuunyanyua. Kebo za 95 mpaka 150 zikiwa juu ya kijaluba zinafika kimo kile kile cha 185 na 240 zisizo nacho. Safari ya bolti inabaki milimita 4 na kidogo. Shingo ikizama kiasi hicho si neno. Tundu linajazwa lami ya kuzibia. Kuzama tunakuvumilia, kusimama hapana.

Na kijaluba chenyewe si kipande kingine? Ni kipande, lakini kinatoka kiwandani kikiwa kimebanwa ndani ya tundu. Mwenye kebo ya 240 akisahau kukitoa, waya wake hauingii kabisa, kosa linajizuia lenyewe. Hofu iko upande wa pili: mwenye kebo ya 95 akikitoa. Bolti yake itashuka mpaka ukingo wa kichwa uguse mwili, itakatika kwa mlio mzuri kabisa, na kebo itakuwa inacheza ndani. Tak ya uongo. Kwa hiyo bega la kichwa litakerezwa liondoke, ili kichwa kizame bila kugusa chochote kabla ya waya. Hilo liliongeza gharama ya ukerezaji na mtu wa manunuzi akakunja uso. Akunje.

Baada ya hapo saa zinachanganyika. Kuna simu ya mteja anayetaka konekta hii hii ipokee na shaba, "si ni bomba tu?" Mwili umepakwa bati, kwa hiyo alumini na shaba hazigusani moja kwa moja. Lakini jaribio la kuvuta kwa alumini ni nyutoni 40 kwa kila milimita ya mraba, yaani 9,600 kwa kebo ya 240, kwa muda wa dakika moja, na waya usiteleze zaidi ya milimita 3. Kwa shaba ni 60: nyutoni 14,400. Si jibu la kutoa kwenye simu, nikamwambia hivyo, akapiga tena baada ya nusu saa.

Kuna torki ya shingo moja. Nm 28 zinazofaa 240 zinakata vijiwaya vya kebo ya 95. 18 zinazoifaa 95 hazitoshi 240. Tumesimama kwenye 24, shingo ya milimita 7.2, na ncha ya bolti ipate kisahani kinachobaki kimetulia bolti ikizunguka, kisisage waya. Kisahani nacho kinabanwa kwenye ncha. Hakuna kitu cha kudondoka kwenye boksi hili, hiyo ndiyo sheria.

Jioni, nimebadilisha mchoro: toleo F. Vipande vinavyofika mkononi mwa fundi vimebaki kimoja, konekta yenyewe. Macho yanauma, na bado kuna tarakimu moja ya hesi ambayo nimeiandika mara mbili kwa namna mbili tofauti. Nairekebisha, natuma karakana.

Bolti mpya, torki mpya, kijaluba kipya: kwa kiwango, hiyo ni konekta nyingine. Kitanzi kipya, konekta sita, kaunta kuanzia sifuri. Miezi mitatu.

Kabla ya kuzima taa napita kwenye kitanzi cha zamani. Hakizimwi, kitabaki cha kulinganishia. Kaunta 417. Namba 4 bado imezidi kwa nyuzi 3, haijapanda.