Mchoro wangu wa kina cha ardhi: sasa nimefika mita 12,262

Roli la karatasi ya kaki sasa limetanda korido nzima. Kwa aliyechelewa kunifuata: nachora vitu vilivyogunduliwa chini ya ardhi, kila kimoja kwenye kina chake, kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kila mita 10. Ukutani kushoto ndiyo usawa wa ardhi. Ukitembea kwenda kulia, unashuka.

Kazi kubwa imekuwa kwenye milimita 3 za mwanzo. Hapo yupo Mtoto, jina alilopewa na watafiti waliomkuta mita 3 hivi chini ya sakafu ya pango la Panga ya Saidi, huko Kilifi, Kenya. Alizikwa miaka kama 78,000 iliyopita, naye hakuwa amefikisha hata miaka minne. Mifupa ilikuwa imelika kiasi cha kumeng'enyeka ikiguswa, kwa hiyo walipaka plasta bonge zima la udongo wakalibeba hivyo hivyo hadi maabara. Amelala ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Kichwa kimeinama kwa namna inayoonyesha kiliwekewa kitu cha kuegemea, na kitu hicho kilishaoza. Milimita 3 hazitoshi kumchora, nami sikutaka awe nukta tu. Nimemchorea kisanduku pembeni, nikamkuza, na mto wa kichwa nikauweka kwa mistari ya nukta nukta.

Kisha karatasi inakaa tupu kwa muda, hadi sentimita 130. Huo ni mgodi wa dhahabu wa Beatrix, Afrika Kusini, ambako mwaka 2011 Gaetan Borgonie, Tullis Onstott na wenzao walitangaza kupata mnyoo hai wa takriban nusu milimita, Halicephalobus mephisto, kwenye maji ya nyufa za miamba. Watu walidhani kina kile ni cha bakteria peke yao.

Sentimita 280, mgodi wa dhahabu wa Mponeng, huko huko Afrika Kusini, ndiyo sehemu niipendayo. Bakteria Desulforudis audaxviator anaishi huko bila jua. Urani iliyomo kwenye mwamba hutoa mionzi, mionzi huvunja maji na kuachia haidrojeni, naye huitumia pamoja na salfeti kujipatia nguvu. Nimempaka kijani, rangi ninayoitunza kwa viumbe hai tu.

Mita 12 na ushee za karatasi zinaishia Kola, Urusi. Wasovieti walianza kuchimba mwaka 1970, na mwaka 1989 wakafika mita 12,262, kwa shimo la upana wa sentimita 23 hivi. Walitarajia kukuta basalti. Wakakuta miamba ya jamii ya granaiti, imepasuka na kujaa maji. Joto nalo lilifika nyuzi 180, wakati makadirio yalikuwa 100 hivi, na uchimbaji ukashindikana kuendelea.

Kinachofuata ni mstari mwekundu wa joto chini ya mchoro wote. Nitaanzia Mponeng, ambako mwamba wenyewe unapita nyuzi 60.