Uduvi wekundu wa Hawaii katika tangi la lita 10

Mimi ni mtoto wa Tanga, na uduvi nilioujua tangu utotoni ni ule uliokaushwa juani, unaopimwa kwa kikombe sokoni na kupikwa kwa nazi. Sikupata kuufikiria kama kiumbe wa kufugwa mpaka nilipohamia Minnesota, mahali palipo mbali na bahari kwa kila upande, nikakutana na uduvi wadogo wa Hawaii ambao wenyeji wa visiwa hivyo huwaita opae ula, yaani uduvi wekundu. Huu ni mwaka wa nne wakiwa juu ya meza yangu, na karibu kila mgeni anayeliona tangi lao huuliza swali moja: pampu iko wapi?

Pampu haipo, wala hakuna chujio au kipasha joto, na sababu yake inaanzia kwenye makazi ya asili ya viumbe hawa. Katika ufuo wa visiwa vya Hawaii na Maui, miamba iliyotokana na volkano imejaa nyufa na matundu. Maji ya mvua yanayoshuka kutoka milimani hupita chini kwa chini na kukutana na maji ya bahari yanayopenya katika nyufa hizohizo, na pale ambapo ardhi imebonyea hujitokeza kidimbwi cha maji ya chumvichumvi ambacho kwa juu hakiungani na bahari hata kidogo, lakini hupanda na kushuka kadiri bahari inavyojaa na kupwa. Uduvi hawa, ambao kwa jina la kisayansi ni Halocaridina rubra, kama walivyoitwa na mtaalamu Mholanzi Holthuis mwaka 1963, hutoka nyufani kuja kula ukoga ulioota juu ya mawe, kisha hurudi chini ya mwamba. Aliyekomaa miongoni mwao hana urefu wa zaidi ya sentimita 1 na nusu hivi. Wavuvi wa Hawaii wa zamani waliwatumia kama chambo cha kuwakusanya samaki waitwao opelu, jambo ambalo mvuvi wa kwetu angelielewa bila kufafanuliwa.

Kuna habari nyingine ya vidimbwi hivyo inayonigusa kwa namna ya pekee. Mwaka 1951 perege wa Msumbiji, samaki wa mito ya upande wetu wa Afrika, waliingizwa Hawaii kwa ajili ya ufugaji, na baadaye wao na samaki wengine wadogo wa kigeni wakafika hata katika vidimbwi vya uduvi. Penye samaki hao uduvi huwaoni tena mchana. Walionusurika hujificha mwambani na kutoka usiku tu, huku ukoga usioliwa ukiongezeka mpaka kidimbwi kikabadilika sura. Ndiyo maana katika tangi langu hakuna samaki hata mmoja, hata yule mdogo ambaye muuzaji angeapa kuwa hana madhara, na ndiyo maana nilinunua uduvi waliozaliwa kwa mfugaji badala ya waliochotwa kidimbwini. Wote nilinunua kwa mfugaji mmoja, kwa kuwa uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba uduvi wa pwani moja ya Hawaii hutofautiana na wa pwani nyingine, na sikuona busara kuchanganya koo zilizotengana kwa muda mrefu sana.

Tangi lenyewe ni la kioo, la lita 10, nami hulijaza maji lita 8. Maji ya bomba sikuyatumia, kwa sababu yana klorini na huenda yakabeba shaba kutoka kwenye mabomba, na shaba, hata ikiwa kidogo sana, ni sumu kwa uduvi. Nilinunua maji yaliyokenekwa, yale yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa, nikayatia chumvi ya kufugia viumbe wa baharini. Chumvi ya mezani haifai, kwani karibu yote ni chumvi tupu, ilhali bahari ina kalisi, magnesi na madini mengine ambayo uduvi huyahitaji kila anapojivua gamba. Maji ya bahari huwa na takribani gramu 35 za chumvi kwa lita, nami nililenga nusu yake, kwa hiyo nilipima kama gramu 140 kwa zile lita 8, nikahakikisha kwa kipimo cha uzito wa maji, ambacho katika maji yasiyo na chumvi husoma 1.000, kwamba niko karibu na 1.012. Uduvi hawa huvumilia chumvi nyingi kuliko hapo au chache kuliko hapo. Kinachowadhuru ni kubadilishiwa ghafla.

Chini nilitandaza changarawe za matumbawe, zinazosaidia maji yasiwe na tindikali, na juu yake nikapanga mawe meusi ya volkano yenye matundu, yaliyooshwa bila sabuni na kulowekwa kwa siku kadhaa. Niliyapanga yakiegemeana ili yaache mapango, kwa maana uduvi asiye na mahali pa kujificha hupauka na kukaa kwa wasiwasi. Nikaongeza fundo la mwani wa nyuzinyuzi na konokono wachache wembamba wenye umbo la pia, jamii ya wale wanaopatikana pia katika maziwa na mito ya Afrika Mashariki.

Halafu nilisubiri wiki 7 bila uduvi hata mmoja. Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi, na ndiyo iliyo muhimu kuliko zote. Kila kinachooza ndani ya maji hutoa amonia, na inabidi bakteria wa aina moja wajengeke ili waigeuze kuwa nitriti, kisha wengine waigeuze nitriti kuwa nitrati, ambayo mwani huweza kuila. Amonia na nitriti huua, na hazionekani kwa macho, kwa hiyo nilizipima kila Jumamosi mpaka zote mbili zikasoma sifuri kwa wiki 2 mfululizo. Wakati huo kioo kilikuwa kimeanza kuvaa ukoga wa kijani. Mgeni akiuona ukoga huo hudhani ni uchafu, lakini kwa uduvi ndio chakula chao, na mimi husugua upande wa mbele peke yake, ili niweze kuona ndani.

Uduvi 20 walifika wakiwa wamepauka karibu kuwa kama maji. Niliwaingiza kwa kuwadondoshea maji ya tangi tone kwa tone kwa muda wa saa 2, na baada ya siku 4 wekundu wao ukarudi.

Kosa langu kubwa lilikuja katika majira ya baridi ya kwanza. Nyumba za huku hupashwa joto usiku na mchana, hewa inakauka, na maji ya tangi yalikuwa yakipungua haraka kuliko nilivyotarajia. Kila yalipopungua niliongeza maji mapya yenye chumvi, nikiamini kwamba narudisha kilichopotea, kumbe yanayopotea ni maji peke yake na chumvi yote hubaki. Nilipoona utando mweupe ukingoni mwa kioo na kupima, kipimo kilisoma 1.021, na uduvi 3 walikuwa wameshakufa. Niliwasikitikia sana, kwa kuwa walikuwa wanyama wenye afya ambao wangeweza kuishi miaka zaidi ya 10. Nilirekebisha pole pole kwa wiki 3, na tangu siku hiyo kuna mstari wa kalamu kwenye kioo: maji yakishuka chini yake naongeza maji yaliyokenekwa yasiyo na chumvi mpaka yafike mstarini.

Matunzo mengine ni machache. Taa ndogo huwaka saa 8 kwa siku ili ukoga uote, na tangi liko mbali na dirisha ili jua lisilichemshe wala baridi ya Januari isiliguse. Chakula cha ziada ni unga wa spirulina, aina ya mwani uliokaushwa, unaoshika kwenye ncha ya kijiti cha meno, mara moja kwa mwezi, na miezi mingine siwapi kabisa, kwa maana chakula kisicholiwa huoza na kurudisha ile amonia. Dawa ya kupulizia wadudu hairuhusiwi katika chumba hicho, na mkono wenye mafuta au manukato hauingii majini.

Mwezi wa 14 nilimwona jike wa kwanza mwenye mayai, kama 10 hivi, yamekumbatiwa chini ya tumbo. Akaingia pangoni na sikumwona tena kwa zaidi ya mwezi. Wanaoanguliwa huelea kichwa chini, wadogo kama vumbi, wakiishi kwa kiini walichotoka nacho kwenye yai, na huchukua wiki kadhaa kabla ya kuwa uduvi kamili wanaotembea juu ya mawe. Kwa hiyo mgeni akiuliza habari za pampu, humwashia tochi na kumwonyesha vile vijidoa vinavyoelea, nikamweleza kwamba chujio lingevivuta vyote kwa usiku mmoja. Jana usiku nilihesabu uduvi 61 juu ya mawe, bila wale walio mapangoni, kisha nikaongeza maji mpaka mstarini na kuzima taa.